Mwalimu Aliyetiwa Bitana

Mguu wake wa kulia haukujua kupumzika. Gari la shule yetu ya udereva lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine upande wa abiria kwa ajili ya mwalimu, na baada ya miaka mingi ya kukaa juu ya hiyo breki ya pili, mguu ulikuwa umepata akili zake wenyewe. Alikanyaga sakafu ya ofisi nilipomsomea habari mbaya gazetini. Alikanyaga chini ya benchi la kanisa mhubiri alipoanza kupandisha sauti. Siku moja nilimwona akikanyaga nyumbani kwake Kabiria, amekaa kwenye kochi, kwa sababu mkewe, Mama Nanjala, alikuwa akipita na sufuria ya uji moto karibu na mtoto wa jirani.

"Baba Nanjala, hapa hakuna breki," mkewe akamwambia.

"Najua," akasema. "Ni mguu haujui."

Mimi nilikuwa karani wa shule hiyo ya udereva pale Ngara, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri, kwa miaka tisa. Yeye aliniita Karani, mimi nilimwita Mwalimu, na sioni sababu ya kubadilisha sasa, ingawa tumeshamzika kwao magharibi na majina yake yote matatu yako msalabani. Niseme mapema, maana watu huniuliza: si ule mshipa wa moyo uliotiwa bitana uliomuua. Ilikuwa homa ya mapafu, msimu wa mvua, na ilimchukua kwa siku nne. Mshipa ulikuwa mzima hadi mwisho.

Alifundisha klachi kwa wimbo wa kanisani. Ulikuwa wimbo wa polepole, wa Kibukusu, na sikuwahi kuelewa maneno yake. Mwanafunzi alitakiwa aanze kuinua mguu kwenye klachi wimbo ukianza, na mguu uwe umetoka kabisa mstari wa kwanza ukiisha. Aliyeinua haraka, gari likaruka na kuzima, alisikia wimbo ukikatwa katikati, halafu kimya, halafu wimbo ukianza upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakupiga kelele. Nimeona walimu wengine wakiwagonga wanafunzi vidole kwa rula. Yeye alianza wimbo upya tu, na kuna wanafunzi waliosikia mstari ule mara arobaini kwa asubuhi moja.

Mimi mwenyewe alinifundisha saa za chakula cha mchana, bila kuombwa. Alisema haiwezekani karani wa shule ya udereva awe anaandikia watu vyeti na hajui gia ya pili iko wapi. Tulizunguka vichochoro vya nyuma ya soko, kati ya mikokoteni ya wabeba mizigo na magunia ya viazi, na aliniambia maneno ambayo bado nayasikia ninapoendesha. "Gari haina haraka, Karani. Ni wewe uko na haraka." Na, "Breki ni ya mwisho. Kwanza macho." Na lile alilolirudia kuliko yote: "Ukiona hatari, nenda kushoto. Usifikirie. Kushoto." Hadi leo saa saba mchana ikifika huwa nainua kichwa kuangalia mlango, nikingoja aingie akizungusha funguo kidoleni.

Kusifu hakukuwa kazi yake. Sifa yake kubwa kabisa ilikuwa "sio mbaya". Kulikuwa na mama mmoja mjane wa Kinoo, mwenye duka la nafaka, aliyeanguka mtihani wa leseni mara nne. Kila mara Mwalimu alikwenda naye, akakaa juu ya jiwe nje ya uwanja wa mtihani akila njugu. Mara ya tano mama akapita. Alitoka akikimbia, akitaka kumkumbatia. Mwalimu akamnyooshea mkono. "Sio mbaya," akasema. Kisha akaja ofisini, akapita mezani kwangu bila salamu, na nilipomfuata kumpa barua nilimkuta amesimama dirishani akijifuta macho kwa kitambaa cha kupangusia vioo vya gari. Akaniambia vumbi la Ngara limezidi.

Mtu huyu aliyewapa barabara watu mia kadhaa, yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na gari. Alisema anajua mno kile kinachoweza kutokea. Jioni nyingi alitembea kwa miguu kutoka Ngara hadi Kabiria, mwendo wa zaidi ya saa mbili, viatu vikiwa vyeupe kwa vumbi. Na kuvuka barabara aliogopa. Tulipokwenda pamoja mjini kupeleka karatasi za wanafunzi, alinishika kiwiko pale kwenye mzunguko wa magari, akanishika kwa nguvu, na hakuniachia hadi tufike upande wa pili. Kisha aliniachia na kuendelea na mazungumzo kana kwamba ni mimi niliyekuwa na woga.

Alikuwa na kiburi pia, sitaficha. Nilipokwaruza ubavu wa gari kwenye lango, hakusema nami siku mbili. Na kitu alichokichukia kuliko gari kukwaruzwa ni kushukuriwa. Wanafunzi waliopata leseni walimletea kuku, asali, shati. Kuku alimpa bawabu, asali alinipa mimi, shati lilikwenda kwa mzee wa kanisa lao. "Wamelipa karo," alisema. "Sasa kuku ni ya nini?" Uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyepewa matusi. Mimi niliona ni unyenyekevu. Nilimheshimu zaidi kwa hilo, na nilikuwa nimekosea, au nilikuwa nimeona nusu tu.

Hetal alikuja kwetu akiwa na miaka kumi na tisa. Babake ana duka la vitambaa hatua chache kutoka ofisini kwetu. Ni mzee wa Kihindi, mwembamba, mwenye miwani ya kamba, anayejulikana Ngara yote kwa kupima kitambaa na kuongeza kiganja kimoja juu. Hetal alichanganya kulia na kushoto. Mwalimu alimfunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kushoto, na bado alichanganya.

"Hetal, kushoto ni wapi?"

"Kwenye uzi, Mwalimu."

"Sasa mbona tunaenda kwa ile duka ya nyama?"

"Nimeangalia uzi nikiwa nimechelewa."

Alimpenda. Alisema msichana huyu hana woga hata kidogo, na mtu asiye na woga ndiye mgumu kufundisha. Walikuwa wiki ya sita ya masomo siku ile. Asubuhi, manyunyu, wanashuka barabara ya Kabiria, Hetal kwenye usukani kulia, Mwalimu kushoto kwake. Pikapu iliyojaa kabichi ilikuwa ikipanda. Gurudumu lake la mbele likapasuka, ikavuka mstari, ikaja upande wao.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza makaa kando ya barabara aliona yote. Alieleza polisi, akaeleza majirani, akatueleza sisi. Aliona mkono wa Mwalimu ukiruka na kushika usukani. Aliona gari likizunguka ghafla kwenda kulia, likileta ubavu wa kushoto mbele ya pikapu. Ubavu wa Mwalimu. Hetal alitoka na mkono uliovunjika na vipande vya kioo kwenye nywele. Mwalimu alitolewa na vijana waliokata mkanda kwa kisu, akasimama kwa miguu yake, akauliza, "Msichana yuko wapi?" Alipoonyeshwa akakaa chini kwenye kabichi.

Kufikia jioni, Kabiria na Ngara yote walijua kwamba mwalimu wa udereva aligeuza gari ili apigwe yeye badala ya mtoto wa watu.

Hospitalini mwanzo waliona mbavu tatu tu zilizovunjika. Alisema anaumwa katikati ya mabega, kwa nyuma, kama mtu anayeraruliwa. Daktari mmoja kijana, mwenye sauti ya chini, hakuridhika. Akampeleka kwenye ile mashine ya picha ya mviringo ambayo mtu huingizwa akiwa amelala. Alipotoka na picha, alituita kwenye kona, mimi, Mama Nanjala na babake Hetal.

"Mshipa mkuu unaotoka moyoni umechanika kwa ndani," akasema. "Haujapasuka wote. Kuna ngozi nyembamba ya nje ndiyo inashikilia damu. Ikiachia, hatuwezi kufanya kitu."

Zamani, akasema, wangempasua kifua. Sasa kulikuwa na daktari bingwa aliyesomea ng'ambo njia nyingine: kutoboa pajani, kupitisha mrija kwenye mshipa hadi juu, na kuachia pale palipochanika kimfuko cha kitambaa chenye waya kinachofunguka chenyewe na kushika kuta. Mama Nanjala hakuelewa, nami nilielewa nusu. Babake Hetal alivua miwani.

"Kama bitana," akasema. "Koti inachanika, wewe hapana shona juu. Wewe weka bitana ndani."

Daktari akamtazama, akasema ndiyo, ni bitana hasa. Neno hilo likabaki. Hata wauguzi walisema yule mgonjwa wa bitana. Babake Hetal ndiye aliyesimamia mambo yote ya hospitali, na hakutaka kuzungumza na mtu yeyote juu ya hilo.

Mwalimu alipona kwa namna iliyowachanganya watu. Siku ya tisa alikuwa nyumbani. Watu wa kanisa walipokuja kumwona Kabiria, walitafuta kovu. Walikuwa wamesikia kwamba mshipa wa moyo ulishonwa, na wakamkuta mtu aliyevaa shati, amekaa, hana hata plasta shingoni. Shemeji yake mmoja alimuuliza wazi, "Sasa walipasua wapi?" Alama ilikuwa pajani, ndogo kama kipele, na mahali pasipoonyeshwa wageni. Niliona jinsi swali lile lilivyomkaa. Mtu aliyekaribia kufa anataka angalau aaminiwe.

Lakini jambo la pili, kwamba aligeuza gari ili apigwe yeye, waliliamini wote. Mchungaji alilitaja madhabahuni. Kina mama waliimba. Babake Hetal alikuja kila Jumapili na mkewe, wakiwa na vyombo vya chuma vya chakula, na Hetal mwenye plasta mkononi akikaa kimya pembeni. "Mwalimu, wewe nipa mimi mtoto mara ya pili," mzee alisema, kila Jumapili, kwa maneno hayohayo. Mwalimu alitazama sakafu. Mguu ulikanyaga.

Daktari alikuwa amempa masharti. Vidonge vya presha kila siku bila kuruka. Picha nyingine baada ya mwezi mmoja, ya kuangalia kama bitana imeshika. Na maumivu yoyote ya kifua au mgongo, arudi siku hiyohiyo.

Nilizoea kwenda Kabiria Jumamosi baada ya kufunga ofisi. Jumamosi ya sita nilimkuta na sauti iliyokauka, kama ya mtu aliyeshangilia mpira. Alisema ni mafua. Mama Nanjala akaleta chai, naye akainywa kwa mafunda madogo, na kila alipomeza alifunga macho. Kadi yake ya hospitali ilikuwa kwenye rafu, chini ya Biblia. Mimi ni karani. Sioni kadi bila kusoma tarehe.

"Mwalimu, hii tarehe ya picha imepita."

"Walisongesha."

"Nani alisongesha?"

Mama Nanjala akaweka birika chini. "Aliniambia alienda," akasema. "Aliondoka asubuhi amevaa suti. Akarudi jioni."

"Ulienda wapi, Mwalimu?"

"Nilitembea," akasema kwa ile sauti iliyokauka. "Nilienda mpaka kwa lango la hospitali. Nikarudi."

"Unaumwa?"

"Kidogo."

"Wapi?"

Akapeleka mkono wa kulia begani, akajaribu kugusa katikati ya mgongo. Hakufika. Mahali palepale.

Mama Nanjala alianza kulia bila sauti. Mimi nikasimama. Nilikuwa nimekuja na gari la pili la shule, lile lenye bango la mwanafunzi mbele na nyuma. Nikamwambia twende. Akasema tungoje Jumatatu. Nikamwambia daktari alisema siku hiyohiyo. Ndipo aliponishika mkono, yeye ambaye hakuwahi kunishika ila kwenye kuvuka barabara, akasema, "Karani, nitaenda. Lakini usimwambie yule mzee wa Ngara. Nakuomba. Asijue nimerudi."

Nikamwahidi. Niliona ni kiburi chake cha kawaida, na haikuwa saa ya kubishana.

Tulimlaza kidogo kwenye kiti cha kushoto, Mama Nanjala akakaa nyuma akimshika bega. Nikaendesha kutoka Kabiria na bango la mwanafunzi, na madereva wakanipigia honi kwa sababu nilikwepa kila shimo. Lori moja likanikata mbele pale karibu na soko la Kawangware. Nikakanyaga breki kwa nguvu. Kisha nikashtuka na jambo lingine, nikatazama chini upande wake. Breki ya pili ilikuwa pale, mbele ya mguu wake. Mguu ulikuwa umelala kando, umetulia. Hakuikanyaga breki hata mara moja tangu tutoke nyumbani. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Walimpokea mlangoni kwa kiti cha magurudumu, na akarudishwa wodi ileile. Muuguzi aliyemtoa akiwa anacheka wiki chache nyuma alisoma kadi mara mbili. Picha ilionyesha kwamba bitana haikushika vizuri ukingoni. Damu ilikuwa ikipenya kando yake, ikijaza pale palipochanika, na uvimbe ulikuwa ukibana mshipa wa fahamu unaokwenda kooni. Ndiyo maana sauti ilikauka. Yule daktari kijana aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Mzee, hii ilianza kuuma lini?"

"Kama wiki mbili."

"Wiki mbili." Daktari alitazama mikono yake. "Mimi sikulaumu. Lakini nieleze, ni nini ilikuzuia kuja?"

Mwalimu aligeukia ukuta.

Walimrudisha chumba cha upasuaji Jumapili asubuhi. Walipitia pajani tena, wakaongeza kipande cha pili, kirefu zaidi, juu ya kile cha kwanza. Ilibidi kipande hicho kizibe mdomo wa mshipa unaopeleka damu mkono wa kushoto. Mkono ungeishi, walisema, kwa damu inayozunguka kwa njia ndogo ndogo, lakini usingekuwa na nguvu za zamani. Mama Nanjala na mimi tulikaa saa nne kwenye benchi la saruji tukigawana andazi moja ambalo hakuna aliyelimaliza.

Mimi sikusema neno kwa mtu. Lakini jina lililoandikwa kwenye karatasi za hospitali kuwa ndiye wa kupigiwa simu lilikuwa la babake Hetal, na hospitali ikapiga. Jumatatu alikuwa mlangoni mwa wodi na vyombo vyake vya chuma, miwani imelala kifuani kwa kamba.

"Mwalimu, kwa nini wewe ficha? Mimi si ndugu?"

Mwalimu alivuta shuka hadi kidevuni. Machozi yalimtoka kando ya macho, yakaenda masikioni, naye hakuyafuta. Mzee alidhani ni maumivu, akaita muuguzi.

Alilala hospitalini wiki tatu. Sauti ilirudi, lakini si yote. Wimbo wa klachi ukawa mnong'ono. Mkono wa kushoto ulikuwa baridi ukiushika, na akiinua kitu juu ya kifua ulichoka mara moja kama mkono wa mtoto. Na gari letu, kama magari yote ya nchi hii, gia yake huingizwa kwa mkono wa kushoto. Alijaribu mara moja, gari limesimama uani. Akaingiza ya kwanza, ya pili, na alipofika ya tatu mkono ukaanguka mapajani. Akatoka, akafunga mlango taratibu, akaja kuniambia, "Karani, nitafutie kazi ya ndani."

Kwa hiyo mwaka mmoja na zaidi alifundisha kwenye ule ubao mkubwa wenye barabara zilizochorwa, na magari madogo ya plastiki ambayo mwanafunzi huyasogeza kwa kidole akieleza sheria. Alisimama pale na mkono mmoja mfukoni. Alikuwa mwalimu mzuri wa ubao. Wanafunzi wake walipita wote. Lakini nilimwona saa saba mchana, chumba kikiwa kitupu, akisukuma gari moja dogo kwenye ile barabara iliyochorwa, akiligeuza kulia, akilirudisha, akiligeuza kushoto, akilirudisha. Nilidhani anaikumbuka kazi yake.

Kisha akaacha kazi, wakahamia kwao magharibi, yeye na Mama Nanjala, kulima na kufuga. Ofisi ikapata mwalimu mwingine, mtu mwema, mwenye kupiga kelele. Nilikuwa nikifika asubuhi na kukuta vitu mahali pasipo pake: kitambaa cha vioo kwenye droo, funguo kwenye msumari. Kwa miezi mingi sikuweza kuvuka ule mzunguko wa magari bila kiwiko changu kuhisi kwamba kuna kitu hakipo.

Mara ya mwisho kumwona ni alipokuja Nairobi kwa picha ya kila mwaka. Aliniandikia ujumbe kwenye simu, maneno matatu: "Jumatano. Saa nne." Nilimkuta kwenye benchi nje ya chumba cha picha, amevaa koti la kijivu ambalo sikulijua, amenona kidogo, uso wa mtu anayelala vizuri. Tuliulizana habari za nyumbani. Akaniambia juu ya ng'ombe wawili na mvua. Nikamwambia Hetal ameolewa Kisumu, alikuja dukani kwa babake wiki hii na mtoto mchanga.

"Najua," akasema. "Nimetoka huko saa hii."

"Dukani?"

"Nilianzia huko. Kuna kitu nilikuwa nimewaficha. Na wewe pia." Akanyoosha vidole vya mkono wa kushoto, akavitazama. "Ile siku, Karani, mimi sikugeuza gari kulia. Nilishika usukani, hiyo ni kweli. Lakini nilivuta kushoto."

Sikuelewa mara moja. Akaeleza polepole, kama anavyoeleza kwenye ubao. Pikapu ilikuwa inakuja. Gari likienda kushoto, ubavu wa kulia ndio unaobaki mbele. Upande wa dereva. Upande wa Hetal. Yeye alivuta kushoto kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na Hetal, aliyechanganya pande siku zote, akazungusha kulia. Wakavutana kwenye usukani mmoja, na msichana akamshinda.

"Yule mama wa makaa aliona mkono wangu," akasema. "Hakuona ulikuwa unavuta wapi."

"Lakini ndivyo ulivyotufundisha," nikasema. "Ukiona hatari, kushoto. Usifikirie."

"Ndiyo. Lakini wakati ule sikuwa nafundisha, Karani. Nilitaka hiyo kitu inipite mimi." Akakohoa kikohozi kikavu. "Halafu wanaleta chakula kila Jumapili. Ningerudi hospitali, wangeleta tena. Nikaona afadhali niumwe."

Watu walipita mbele yetu na bahasha zao za picha. Nikamuuliza mzee alijibu nini.

"Alikuwa anapima kitambaa. Akaacha. Akamwita Hetal kutoka nyuma ya duka, akamwambia kwa lugha yao. Mimi nikasimama tu pale. Hetal akanikabidhi mtoto, nimshike na huu mkono mzuri, akasema, 'Mwalimu, nilijua. Mkono wako ulikuwa juu ya wangu.'"

"Alijua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Kila Jumapili alikuwa amekaa pale anajua." Akatikisa kichwa. "Nikamuuliza, sasa mbona hukusema? Akaniambia, 'Ungeacha kutuona.'"

"Na mzee?"

"Mzee aliniambia nikae, chai inakuja. Nikakunywa."

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akaita majina yake yote matatu. Alisimama. Akavua saa, mshipi, funguo, kila kitu cha chuma, akavua na lile koti, akanipa vyote. Alinitazama kidogo, kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Nikamwambia, "Sio mbaya, Mwalimu."

Akacheka. Sauti haikutoka sana, lakini mabega yalitikisika. Akaingia, mlango ukafungwa. Ukuta ule ni mwembamba. Nilisikia mashine ikianza kuzunguka, kisha sauti ya mwanamke kwenye kipaza sauti ikimwambia avute pumzi. Shika. Nami pale nje, koti lake likiwa bado na joto mapajani mwangu, nikajikuta nimeshika pumzi pamoja naye, nikingoja mtu aseme achilia.